Mwani Ndani ya Tangi la Samaki: Tuuweke au Tuuache?

Juma hili twajibu swali la wale wanaofuga samaki wa maji ya chumvi katika tangi la kioo: je, yafaa kuweka mwani humo, au mawe na samaki yatosha?

Kwanza tutazame faida. Uchafu wa samaki hugeuka amonia, kisha nitriti, na mwishowe nitrati. Nitrati na fosfati hujilimbikiza tangini kwa sababu hazina pa kwenda. Mwani huzinyonya kama vile mhindi unyonyavyo samadi. Lakini faida hiyo hupatikana kwa kuukata na kuutoa nje. Asiyekata hajasafisha kitu.

Hasara nazo zipo. Mwani wa jamii ya Caulerpa hutambaa upesi, hushika mawe na kuyafunika matumbawe. Tena pengine hutoa mbegu zake zote kwa mara moja: mmea huwa mweupe, maji hupata ukungu, uchafu uliokwisha kunyonywa hurudi majini, na samaki huweza kukosa hewa. Afadhali Chaetomorpha, ulio kama nyuzi za kijani zilizosokotana. Haushiki mawe, na mkono mmoja watosha kuutoa. Ukiwa na chumba cha pili cha tangi, uuweke humo na uwashe taa yake usiku, wakati tangi kubwa liko gizani. Hivyo maji hayatazidi asidi kabla ya mapambazuko.

Sasa tufikie jambo linalowahusu hasa wasomaji wetu. Askari huitwa doria, hupelekwa mafunzoni, huhamishwa. Baba akiwa safarini, ni nani atakayekata mwani? Kama mama na watoto hawakufundishwa, basi usiwekwe. Kama wamefundishwa, kazi hiyo na ipewe siku yake, mfano Jumamosi, kama zilivyo kazi nyingine za nyumbani.

Na amri ya uhamisho ikifika, tangi halibebeki. Hapo ndipo penye hatari, kwa mkaaji wa pwani hasa. Mwaka 1984, Caulerpa taxifolia ya matangini ilionekana baharini mbele ya Monaco, ikienea kiasi cha mita moja ya mraba tu. Haikung'olewa. Kabla ya karne kwisha ilikuwa imefunika maelfu ya hekta za sakafu ya Bahari ya Kati. Mwaka 2000 ilionekana California, Marekani. Huko waliwahi: waliifunika kwa maturubai na kutia klorini chini yake, wakatangaza ushindi mwaka 2006, baada ya kutumia zaidi ya dola milioni 7. Kipande kidogo tu cha mmea huo chatosha kuota upya.

Sisi tulioyaona magugu maji yakiziba ghuba za Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 hatuhitaji kusimuliwa zaidi. Nayo yalitoka Amerika ya Kusini, na maua yake mazuri ndiyo yaliyoyasafirisha duniani.

Basi shauri letu ni hili. Mwenye samaki wengi na mtu wa kukata kila juma, aweke Chaetomorpha. Asiye na mtu huyo, apunguze samaki na abadilishe maji mara kwa mara. Na kila mwani unaotolewa uanikwe juani hadi ukauke kabisa, kisha ufukiwe. Usimwagwe mferejini wala ufukoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.