Mwaka Mmoja Zaidi kwa Mkorosho wa Babu

Somo: Luka 13:6–9



Kama umepita Newala majuma haya, bila shaka umeisikia harufu kabla hujaitazama miti. Mikorosho imetoa maua. Ni maua madogo, meupe yanapofunguka, kisha hugeuka rangi ya waridi, na asubuhi nyuki huyajaa hata mti mzima ukavuma. Wenzetu wa nchi za baridi hungoja theluji iyeyuke ndipo washerehekee maua ya miti yao ya matunda. Sisi wa uwanda wa Makonde maua yetu huja wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na barabara ni vumbi tupu. Hilo peke yake latosha kumshukuru Mungu.

Lakini leo nakuomba tusiishie kwenye ua. Tuutazame mti wenyewe na kujiuliza: nani aliupanda?

Mikorosho mingi mikubwa tunayoiona ilipandwa na babu na wajomba zetu, na wengi wao wameshalala. Kwa jembe lao, msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zipatazo 145,000 za korosho. Kisha mashamba yakaanguka. Katika miaka hiyo ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vipya, na wengi wakaacha mikorosho yao mbali, katikati ya pori. Magugu yakaota, moto ukapita. Ukaja ugonjwa wa ubwiri unga, unaopenda majani machanga na maua. Bei nayo haikumtia mkulima moyo. Kufikia msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata tani zisizofika 17,000. Wazee wa Newala hawahitaji takwimu hizo. Wanakumbuka ada za shule zilizokosekana na bati ambalo halikununuliwa.

Sasa fungua somo letu. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta tunda kwenye mtini wake, hakuliona, akaamuru ukatwe. Mtunza shamba akaomba mwaka mmoja zaidi. Tuangalie aliombaje. Hakusema tu, “Bwana, uuhurumie.” Alisema atauchimbia pembeni na kuutia samadi. Aliutetea mti kwa mikono yake mwenyewe. Huruma isiyoshika jembe haikuuokoa mti wowote, si Uyahudi wala Newala.

Ndivyo mashamba yetu yalivyofufuka. Watafiti wa Naliendele, pale karibu na Mtwara, walifanya kazi ya miaka mingi. Wakulima wakajifunza kupuliza salfa ili kulilinda ua. Miche bora iliyobebeshwa ikafika vijijini. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000. Mti ambao wengi walikuwa wameukatia tamaa ulipewa mwaka mwingine, na mwingine tena.

Ipo pia kazi moja inayofanywa kwa mkorosho uliozeeka ambayo kila mhubiri angepaswa kwenda kuitazama. Mti hukatwa, likabaki gutu. Mwenye kupita hudhani umekufa. Baada ya muda gutu linachipua, na juu ya chipukizi hizo fundi hubebesha vikonyo kutoka mti bora. Mzizi ni wa babu, tawi ni la mjukuu. Aliyeuona mkorosho wa namna hiyo ukitoa maua hatashangaa tena Mungu anapochukua maisha yaliyokatwa na kuyaanza upya.

Hata hivyo, ndugu yangu, nina jambo linalonisumbua. Tunaipenda Jumapili ya mavuno kuliko msimu wa kupanda. Tunaleta magunia madhabahuni, tunaimba, tunapigiwa makofi. Lakini yako mashamba yenye warithi saba na hakuna hata mmoja mwenye jembe, kwa sababu kila mmoja anangoja kesi iishe au anangoja mwenzake aanze. Wako vijana wanaourudia mkorosho wa babu mara moja tu kwa mwaka, siku ya kuokota. Wako wanaoutazama mti mkongwe na kuhesabu magunia ya mkaa. Na yuko jirani aliyekwisha kopa juu ya maua haya haya, ambaye hata korosho zikianguka hazitakuwa zake. Huyo hawezi kupanda kesho, maana leo imemmeza. Kanisa linalomwombea bila kumsaidia halijalisoma somo hili mpaka mwisho.

Basi tufanye nini? Maua haya yawe kengele. Mvua za Desemba si mbali. Kila jumuiya iliyo na kiwanja ianzishe kitalu kidogo, na zamu ya kumwagilia ipangwe, tena isiwe ya akina mama peke yao. Tunajua maji huku juu ni kazi, hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, na ndoo moja kwa mche ni sadaka halisi. Mashimo yachimbwe mapema, mita 12 kutoka shimo hadi shimo, ili kila mti upate jua lake. Watoto wa Shule ya Jumapili wapewe kila mmoja mche wake. Tuanze na shamba la mjane, na la mzee asiyeweza tena kuinama. Mkongwe unaofaa kufufuliwa tuuite fundi. Usiofaa ukatwe, lakini siku hiyo hiyo pachimbwe shimo jipya kando yake. Hata yule mtunza shamba alikubali kwamba huenda siku ya shoka ingefika.

Je, umegundua kuwa Bwana Yesu hakusema mwaka uliofuata mtini ule ulizaa au la? Ameiacha hadithi pale, jembe likiwa mkononi mwa mtu. Mwaka ule tumepewa sisi.

Tuombe: Bwana, asante kwa maua tuliyopewa na mikono ambayo haipo tena. Utufanye nasi mikono ya namna hiyo kwa watakaokuja baada yetu. Amina.

Jumapili njema.