Kinachotosha na kisichotosha
Mvua kubwa ikipiga Milima ya Uluguru, Mto Morogoro huteremka mjini Morogoro ukiwa mwekundu kwa tope. Mvua hiyo inatosha kuuchafua mto. Lakini kuuona mto umechafuka hakutupi haki ya kusema kule juu kumenyesha: huenda mtu amelima hadi ukingoni, au kuna wachimba mchanga. Kukata kauli hivyo ni kosa tunalofanya kila siku. Lipo lililo zito zaidi, la kudhani jambo linatosha na kumbe halitoshi, na milima hii inalijua. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, wakiamini hayo yatatosha kuuokoa udongo. Majembe yakafukua udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakadhoofika, na kazi yenyewe ilikuwa ya shuruti. Julai 1955 hasira ililipuka Matombo, huko huko Uluguru, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Kwa hiyo leo nikiambiwa kupanda miti kutatosha kuliokoa Bwawa la Mindu, hapo Morogoro, lisijae tope, nauliza: miche hiyo itatunzwa na nani, na anayelima mteremkoni atakula nini?