Upanga wa Urithi Usisuguliwe

Akina mama tumelelewa tukifundishwa kwamba kutu ni adui wa nyumba. Sufuria ikichafuka tunaisugua kwa majivu, kisu kikiwa butu tunakitia tupa. Mwezi huu tunazungumza juu ya kitu kimoja ambacho desturi hiyo njema yaweza kukiharibu kwa saa moja, hata kama kimedumu miaka mia nne. Kitu hicho ni upanga wa Kijapani.

Pengine utauliza, upanga wa Japani unatuhusu nini? Vita vilipokwisha mwaka 1945, maofisa wa Japani walisalimisha panga zao, na nyingi zilichukuliwa na askari wa Marekani, Uingereza na Australia kuwa kumbukumbu. Vijana wa Afrika Mashariki nao walikuwa Burma, wakapigana mwaka 1944 hadi mto Chindwin. Wazee hao wengi wamekwisha kufariki, na vitu vyao vinawaangukia wajane, mabinti na wakwe, wakiwamo dada zetu walioolewa ng'ambo.

Utautambuaje?

Kwanza, tazama bapa la upanga. Kama umechorwa namba kwa mashine, huenda ni upanga wa kiwandani, uliotengenezwa kwa ajili ya masajini kuanzia mwaka 1935. Lakini usiudharau upanga kwa sababu ya mavazi yake. Maofisa wengine walichukua upanga wa ukoo wakautilia mpini na ala za kijeshi.

Pili, tazama kando ya makali. Upanga uliofuliwa kwa mkono huwa na utepe mweupe kama ukungu, ulionyooka au wenye mawimbi. Mfuaji hupaka udongo kwenye chuma, akakichoma, kisha akakizamisha majini. Makali yenye udongo mwembamba hupoa upesi yakawa magumu, na mgongo hubaki laini kiasi.

Tatu, tazama msuka, yaani sehemu inayoingia ndani ya mpini. Mpini hushikwa na kijiti cha mwanzi. Kisukume kijiti hicho taratibu kutoka upande ulio mwembamba, kisha uvute mpini. Ukikataa kutoka, usiupige kwa nyundo, mwachie mjuzi. Kwenye msuka ndipo mfuaji huchora jina lake, na mara nyingine mwaka. Majina ya kughushi ni mengi tangu zamani, kwa hiyo piga picha umpelekee mtaalamu. Kutu nyeusi ya hapo ndiyo inayomwonyesha umri wa chuma. Ukiiondoa, umechana cheti cha kuzaliwa cha upanga. Usiisugue, wala usiipake mafuta.

Namna ya kuutunza

Usitumie msasa, waya wa kusugulia sufuria wala dawa ya kung'arisha shaba. Usiupeleke kwa fundi wa kunoa visu. Kung'arisha upanga huu ni kazi ya fundi maalumu anayetumia mawe ya aina mbalimbali kwa majuma kadhaa, na kila mara chuma hupungua.

Usiguse bapa kwa vidole, maana jasho huleta kutu. Futa kwa kitambaa laini kikavu, toka upande wa mgongo, kisha paka mafuta mepesi kidogo sana. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa kuwa huganda. Wajapani hutumia mafuta yaitwayo choji, na maana ya neno hilo ni karafuu, hiyo hiyo tuijuayo ya Unguja na Pemba. Rudia kila baada ya miezi michache.

Unapouchomoa, shika ala upande wa mgongo, usiizungushie vidole upande wa makali. Ala kuukuu hupasuka. Uhifadhi ukiwa umelala, makali yakitazama juu, pakavu, mbali na watoto. Uliza pia sheria ya nchi unakoishi juu ya silaha.

Jambo la mwisho si la chuma. Panga nyingine bado zina kibandiko chenye jina la aliyeusalimisha. Usikitupe. Mmarekani mmoja, Walter Compton, alinunua upanga katika duka la vitu vya kale, akagundua kwamba ni hazina ya taifa la Japani, kazi ya mfuaji Kunimune, iliyopotea baada ya vita kutoka hekalu la Terukuni mjini Kagoshima. Mwaka 1963 aliurudisha bila kudai malipo.

Si kila upanga una mwenyewe anayeungoja. Lakini kabla ya kuuza au kugawa, andika yote ambayo marehemu alisimulia: ameupata wapi, lini, na kwa nani. Karatasi hiyo iweke pamoja na upanga. Kama ipo familia iliyopoteza kitu, na yetu ndiyo iliyokipata, watoto wetu wana haki ya kujua zote mbili.