Sungura Mdogo na Twahara ya Nyumba



Mama mmoja wa Msata, pale njia panda ya Bagamoyo na barabara kuu iendayo Segera, ametuuliza afanyeje. Mwanawe ameleta kitoto cha sungura, nacho kinachafua mkeka. Akimtoa nje usiku, mbwa watamla; akimwacha ndani, yeye anaswali na wasiwasi moyoni.

Tuanze na hukumu. Sungura ni halali: Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama yake akaipokea. Hata hivyo, katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu wa Pwani, mkojo na kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama mnyama huyo analiwa. Wanazuoni wa Kimaliki na Kihanbali wana rai nyingine, lakini mwenye kushika kauli ya Shafii hana budi kupatwaharisha mahali kabla ya kuswali.

La kheri ni kwamba sungura kwa maumbile yake hupenda kukojoa mahali pamoja, aghalabu pembeni. Basi mtazame siku mbili tatu, kisha uweke chombo pale alipopachagua mwenyewe. Dumu la lita 20 lililolazwa na kukatwa ubavu mmoja latosha, maadamu kingo zake ni fupi na zimelainishwa. Tandika maranda kutoka kwa seremala au nyasi kavu. Magazeti nayo hunyonya mkojo, ila lenye aya au jina la Mwenyezi Mungu, likiwemo hili ulilolishika, halifai kutandikwa chooni.

Tia humo punje chache za kinyesi chake na kitambaa kilicholowa mkojo wake, ili harufu imwongoze. Upande mmoja weka majani ya kula, kwani sungura hupenda kujisaidia huku akitafuna. Majuma ya mwanzo akae katika kizimba au kona iliyozungushiwa mbao. Akizoea, mwongezee nafasi kidogo kidogo. Mahali pa kuswalia asipafikie kabisa.

Akikosea, usimpige. Hatajua kosa lake. Atakachojifunza ni kukuogopa. Pangusa mkojo, sugua kwa siki ili harufu isimrudishe hapo, kisha mimina maji safi. Siki huondoa harufu, lakini haitwaharishi.

Watoto waelezwe mambo mawili. Kwanza, sungura hula kinyesi chake laini moja kwa moja kitokapo mwilini. Ndivyo anavyomeng'enya chakula, wala si ugonjwa. Pili, afikapo miezi minne hivi na kuanza kupevuka, huweza kusahau adabu na kukojoa huku na huko. Hapo kinachotakiwa ni subira na kuanza upya.

Chombo kimwagwe kila siku, na mbolea hiyo ipelekwe kwenye matuta ya mchicha. Kazi hii apewe mtoto aliyemleta sungura, mzazi akimsimamia. Kiumbe tuliyemfungia ndani hawezi kujitafutia. Chakula chake, maji yake na usafi wake ni amana iliyo shingoni mwetu.