Ada ya Mkaguzi Si Hasara

Mtu wa pwani akenda markiti kununua samaki hamwamini muuzaji kwa maneno. Humfunua samaki matamvua akatazama wekundu wake, akambonyeza ubavuni, akamnusa, ndipo aulize bei. Akinunua mbuzi wa akika, humfunua kinywa akatazama meno, akamwendesha aone kama achechemea. Walakini mtu huyu huyu, siku ya kununua nyumba ya shilingi milioni nane, hutazama rangi ya ukuta na marumaru ya sakafuni, akasimama barazani kupunga upepo wa bahari, akasema, "Mashaallah, nyumba nimeipenda." Samaki wa mlo mmoja amekaguliwa, na nyumba ya umri mzima imepita hivi hivi.

Nalizungumza jambo hili kwa kuwa biashara ya nyumba katika pwani yetu imebadilika. Zamani nyumba ilitoka mkononi mwa jamaa ikaingia mkononi mwa jamaa au jirani, na mtaa mzima ulijua ni fundi gani aliyeijenga, na mwaka gani dari yake ilivuja. Leo nyumba za ghorofa zaota Nyali, Bamburi, Tudor na Mtwapa, na anayenunua aghalabu hamjui aliyejenga. Wako pia vijana wetu wanaofanya kazi Jeddah, Dubai na Maskati, ambao hununua kwa picha walizoletewa katika simu. Picha haina harufu ya unyevu, wala haigongeki ikatoa mlio.

Na hatari si ya kubuni. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa lilianguka mtaani Huruma, Nairobi, likaua watu wasiopungua 49. Jengo lile lilikuwa limekwisha kutiwa alama kwamba libomolewe, na bado watu walikuwa wakilipa kodi ndani yake. Hapa kwetu Mombasa, mwezi wa Aprili 2025, jengo refu la Mikindani lilianza kudidimia ardhini, watu wakahamishwa, na mwishowe likabomolewa kwa makusudi. Sisemi kila nyumba mpya ni mbovu, la hasha. Nasema rangi mpya haitoi ushahidi wowote juu ya kilicho chini yake.

Basi tufanye hesabu, maana watu wengi hukimbia ukaguzi kwa kuogopa ada. Nyumba ya shilingi 8,000,000 mjini ina ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani shilingi 320,000. Amana ya kufungia mapatano, kwa desturi, ni asilimia 10, yaani shilingi 800,000. Tena kuna wakili, na dalali naye yuko mlangoni akingoja chake. Ada ya mkaguzi haina bei moja. Hutegemea ukubwa wa nyumba, umri wake, idadi ya ghorofa, na kama kuna vipimo vya kupelekwa maabara. Tuchukue mfano tu, kwamba mhandisi ameomba shilingi 40,000. Hiyo ni nusu ya asilimia moja ya bei ya nyumba, na ni sehemu moja katika nane ya ule ushuru ambao twautoa bila ya kunung'unika kwa kuwa serikali imesema tutoe.

Faida ya fedha hizo yaja kwa njia tatu. Kwanza, mkaguzi aweza kukuambia uiache nyumba, ukaokoka na hasara ya maisha. Pili, aweza kukuta kasoro zinazotengenezeka, ukakaa na muuzaji mkapunguza bei au akazitengeneza yeye kabla ya kuuza. Tatu, aweza kukuta nyumba ni nzima, na hapo umenunua utulivu wa moyo. Asiwepo wa kusema, "Nimelipa bure, hakuona kitu." Mtu aliyepimwa na daktari akaambiwa ni mzima hadai arudishiwe fedha zake.

Mkaguzi ajuaye kazi yake pwani ana mambo yake ya kutazama, ambayo si sawa na ya bara. Adui yetu wa kwanza ni chumvi. Saruji iliyochanganywa na mchanga wa ufuoni ambao haukuoshwa hubeba chumvi ndani yake, chumvi hula chuma, chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba hupasua zege kutoka ndani. Ndiyo sababu utaona nguzo ina ufa uliosimama wima, na michirizi ya rangi ya kutu inatoka. Mwenye kuuza huipaka lipu na rangi, na kwa miezi kadhaa haionekani. Mkaguzi hugonga kwa nyundo ndogo, na palipoachana pana mlio wa uwazi.

Katika nyumba za mawe za Mji wa Kale na Lamu, mambo ni mengine. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, kama nusu mita, nazo hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Akija mtu akazipiga lipu ya saruji ili zipendeze, unyevu hufungika ndani, na ukuta huanza kuoza ukiwa umevaa nguo mpya. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliowafanya wazee wetu wajenge vyumba virefu na vyembamba. Boriti haiozi katikati kwanza. Huoza kwenye ncha, mle ilimoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Mkaguzi huchoma ncha ile kwa kisu au bisibisi. Ikiingia kama katika muhogo wa kuchemsha, dari hiyo ina siku zake.

Kisha kuna mchwa, kuna nyaya za umeme, kuna bomba, na kuna jambo ambalo watu huona haya kuliuliza: shimo la choo liko wapi, na kisima kiko umbali gani nalo? Nyumba za ghorofa nazo zina la ziada. Tangu sheria ya mwaka 2020 ya majumba yaliyogawanywa, mwenye fleti huwa na hati yake, lakini paa, ngazi na tangi la maji ni vya wote. Ukikagua vyumba vyako viwili ukaacha paa, umekagua nusu. Na hapana budi kuomba ramani iliyoidhinishwa na kaunti na hati ya kuruhusu watu kuingia kukaa.

Hapa pana kosa ambalo nimelisikia mara nyingi: "Benki imeshatuma mtu wake kuitazama." Mtu wa benki ni mthamini. Kazi yake ni kuiambia benki nyumba yaweza kuuzwa kwa kiasi gani iwapo utashindwa kulipa. Hakuja kugonga nguzo. Wala mkaguzi wako asiletwe na dalali, maana dalali hulipwa nyumba ikiuzika, na mkono umpao chakula mtu huuchelea. Mwenyewe tafuta mhandisi au mpimaji wa majengo aliyesajiliwa, umlipe wewe, na ripoti akuandikie wewe. Na ajue mipaka yake: haoni ndani ya msingi, na akishuku zege atataka vipimo vingine vyenye ada yake mbali.

Sisi Waislamu tuna sababu nyingine ya kulitilia jambo hili maanani. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kitu ambacho mmojawapo wa wenye kuuziana hakukiona hakusihi. Na kuona si kutupia jicho. Wenye kuisherehesha Minhaj ya Imamu Nawawi wameeleza kwamba kila kitu huonwa kwa namna inayokifaa, na katika nyumba wametaja vyumba, dari, sakafu za juu, kuta, bafu, hata mfereji wa maji machafu. Wale wanavyuoni hawakusoma uhandisi, lakini orodha yao ni ile ile anayotembea nayo mkaguzi wa leo.

Tena sharia imempa mnunuzi khiyari ya aibu: akikuta kasoro iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa, ana haki ya kurudisha, mradi asichelewe. Hata muuzaji akisema, "Nauza kama ilivyo, sitaki lawama," katika nyumba maneno hayo hayamtoi dhimani. Na hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, inajulikana na kila mtoto wa chuo: alipita kwa mwenye kuuza chakula, akatia mkono ndani ya lundo, akakuta unyevu chini, akamkemea kwa kuficha. Basi anayesema kuleta mkaguzi ni kumvunjia muuzaji heshima, na aifikirie hadithi hii. Aliyetia mkono ndani ya lundo ni nani?

Lakini tusijidanganye. Sheria ya nchi kuhusu mauzo ya nyumba imejengwa juu ya msingi mwingine, kwamba mnunuzi na ajihadhari mwenyewe. Ukishatia sahihi kwamba umeikubali nyumba kama ilivyo, ufa ni wako. Wala usitaraji kwenda kwa Kadhi kudai khiyari yako, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imeiwekea mahakama yake mipaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mauzo ya nyumba hayamo. Kwa hivyo haki uliyopewa na sharia haitakusaidia mahakamani ila umeiandika katika mkataba. Mwambie wakili aweke sharti kwamba mauzo yatategemea ripoti ya mkaguzi, na kwamba amana itarudi kasoro kubwa ikionekana. Sharti hilo ni la mistari mitatu, na laweza kuokoa shilingi 800,000.

Wenzetu wa mbali wamelipitia hili. Marekani chama cha wakaguzi wa nyumba kiliundwa mwaka 1976, na leo mnunuzi wa kawaida hutoa kama dola 300 hadi 500 kabla ya kufunga mauzo. Scotland, tangu Desemba 2008, muuzaji ndiye anayetakiwa kuandaa ripoti ya hali ya nyumba kabla ya kuitangaza. Naona njia hii ya Scotland iko karibu zaidi na mafunzo yetu, maana inamtaka mwenye kuijua aibu aitaje kwanza. Kwetu Kenya hakuna sheria inayomlazimisha muuzaji hivyo, na ingefaa wabunge wa pwani wailete.

Na asiye na mamilioni je? Yuko Majengo anayenunua nyumba tu, bila ya ardhi iliyo chini yake, kwa akiba ya miaka kumi. Huyu ndiye asiyeweza kukosea mara mbili. Kama hana uwezo wa mhandisi, na amlipe mwashi mmoja na seremala mmoja ujira wa siku moja, watu wazima wenye sifa wasiomjua muuzaji, wapande darini na wachome boriti. Na wanaonunua fleti katika jengo moja wachangiane mhandisi mmoja, ada igawanyike.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Sitaki kusikia tena kijana aliyemaliza miaka yake kumi na miwili Jeddah akirudi kukuta fedha zake zimekuwa nyufa. Ndugu aliyeko huku, aliyetumwa kuitazama nyumba kwa niaba yake, ana amana shingoni. Asimpelekee picha peke yake, ampelekee na ripoti.