Ufukwe wa Ziwa Ni wa Nani?

Mtaa wetu wa Capri Point una jina moja na kisiwa cha Italia, katika Bahari ya Kati, ambako matajiri wa Ulaya huenda kuota jua. Jina halitudhuru, twaogopa desturi inayoweza kulifuata. Huko Italia sehemu kubwa ya fukwe imekodishwa kwa wafanyabiashara, na mtu wa kawaida hulipia kiti na mwavuli. Hispania ilikataa: sheria yake ya mwaka 1988 ilitamka kwamba ufukwe ni mali ya umma. Na wafanyakazi wengi wa Ufaransa hawakuiona bahari mpaka walipopata likizo ya malipo, mwaka 1936.

Mfanyakazi wa Mwanza anazo siku 28 za likizo kwa sheria ya mwaka 2004. Sheria ya mazingira ya mwaka huohuo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa. Basi, ndugu, mchukuzi wa bandarini aliyebeba magunia juma zima akitaka kukaa mwambani na wanawe Jumapili, nani amwombe kiingilio? Halmashauri ya Jiji na ipime mita hizo, iweke mawe ya mpaka, na ramani ibandikwe katika kila ofisi ya kata.