Tusiuze mashamba kwa ajili ya mashine za ubongo

Ndugu Mhariri,

Natoa maoni yangu juu ya jambo linalozigusa familia nyingi zenye mgonjwa aliyevunjika uti wa mgongo.

Mdogo wangu alianguka kutoka juu ya mnazi akiwa na umri wa miaka 24. Tangu siku hiyo hana nguvu wala hisia kuanzia kitovuni kwenda chini. Mwaka huu ndugu yetu mmoja alituonyesha picha za video katika simu: mtu aliyepooza amevaa kofia yenye nyaya, anawaza kutembea, na mguu unanyanyuka. Hazikupita wiki mbili akatokea bwana mmoja aliyedai kwamba anaweza kumpatia mdogo wangu nafasi ya kufungwa mashine hiyo nchi za nje, ila kwanza alipwe fedha za kutangulia. Kikao cha ukoo kikaitishwa. Baba mdogo akasema tuuze shamba la michungwa, kwani mti ukikatwa hupandwa mwingine lakini mtu hapandwi. Mama alilia, na ilibaki kidogo tu tuuze.

Mimi nilipinga, nikaonekana mtu mwenye roho mbaya. Kwa kuwa najua tumo wengi katika hali hii, ningependa kueleza nililopingia.

Mashine hizo ni za kweli, wala si uchawi. Mgongo ukivunjika, kinachokatika ni njia ya neva inayopeleka amri kutoka kwenye ubongo hadi miguuni. Ni kama waya wa simu uliokatika njiani: mpigaji bado yupo na anaweza kusema, lakini sauti haifiki. Mtu akiwaza kwa makini kwamba anapiga hatua, sehemu za ubongo zinazoamuru miguu huamka karibu sawasawa na mtu anayetembea. Umeme huo mdogo wa ubongo daktari wa Kijerumani, Hans Berger, aliunasa kwa mara ya kwanza juu ya kichwa cha binadamu mwaka 1924. Kazi ya kompyuta ni kuutambua na kuuamuru mtambo utembee badala ya mguu.

Tarehe 12 Juni, 2014, kabla ya mchezo wa kwanza wa Kombe la Dunia mjini São Paulo, kijana wa Kibrazili aliyepooza miguu aliusukuma mpira kwa njia hiyo, akiwa amevaa vazi la chuma lenye mota. Televisheni zilimwonyesha kwa sekunde chache tu. Habari kubwa zaidi ilikuja mwaka 2016, wakati Profesa Miguel Nicolelis na wenzake walipotoa taarifa ya wagonjwa wanane waliofanya mazoezi kwa miezi 12. Wote walikuwa wamepooza kwa miaka isiyopungua mitatu. Wote wanane walirudishiwa hisia kiasi fulani katika sehemu zilizokuwa zimekufa ganzi, misuli kadhaa ikaanza kuitika, na wanne wakahamishwa kutoka daraja la waliopooza kabisa kuingia daraja la waliopooza nusu.

Lakini nani anatuambia walifanya nini katika miezi hiyo 12? Na hapa, Ndugu Mhariri, nawalaumu kidogo na ninyi waandishi, maana vichwa vya habari husema "Waliopooza watembea" halafu basi. Wagonjwa wale kwa jumla walitumia karibu saa 2,000 za mazoezi. Mwanzoni, walipoambiwa wawaze kutembea, ubongo wao ulikuwa kama umeisahau miguu. Ilibidi wafundishwe upya kuwaza hatua, kwa miwani iliyowaonyesha wakitembea na kwa mitetemo mikononi iliyowaambia mguu umekanyaga. Baadaye walisimamishwa, wakaning'inizwa kwa mikanda, wakatembezwa kwa mashine wiki baada ya wiki. Hakuna hata mmoja aliyetoka pale akitembea kama wewe na mimi. Tena hapakuwa na kundi jingine lililofanya mazoezi hayo hayo bila kofia, kwa hiyo haiwezekani kusema kofia ilifanya kiasi gani na jasho kiasi gani.

Vipo na vyombo vinavyopachikwa ndani ya mwili. Mwaka 2023 madaktari wa Lausanne, Uswisi, walitangaza kuwa Mholanzi aliyeumia kwa ajali ya baiskeli mwaka 2011 ametembea kwa magongo, baada ya kuwekewa vyombo juu ya ubongo na juu ya uti wa mgongo. Ni jambo la kusifiwa sana. Lakini Mmarekani mmoja wa Ohio, ambaye mwaka 2016 ilitangazwa kwamba anaukunja mkono wake kwa kuwaza, chombo chake kilitolewa kichwani mwaka 2021. Hayo yote ni majaribio ya watafiti, na mtu anayetaka fedha za shamba ili akuingize katika majaribio anastahili kufikishwa polisi.

Ninalotaka wahusika walifikirie ni hili. Katika hospitali zetu mgonjwa wa mgongo hukunjwa na kukunjuliwa miguu ili viungo visikakamae. Mdogo wangu alifanyiwa hivyo miezi mingi huku akitazama dari, kama gogo linalogeuzwa. Hakuna aliyemwambia: "Ninapoukunja mguu huu, na wewe ukunje kwa akili yako, kwa nguvu zako zote." Maneno hayo hayahitaji umeme wala fedha za kigeni. Sisemi kwamba yatamponya. Nasema kwamba kama ubongo husahau mguu usioitwa, basi tuuite. Wataalamu wa mazoezi ya viungo wawafundishe wagonjwa na sisi ndugu zao, lakini wawepo kusimamia, kwa sababu mwaka 2008 ilitangazwa kuwa baadhi ya wagonjwa wenye maumivu ya neva walizidi kuumia walipowaza kuchezesha miguu iliyopooza. Mwenye kuumia aachishwe.

Tena tusisahau kwamba hata hiyo kofia haimsaidii mtu mwenye vidonda vya kulalia. Mwaka 1944 Dk. Ludwig Guttmann alipoanzisha wodi ya wagonjwa wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, sehemu kubwa ya dawa yake ilikuwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kukitunza kibofu kisioze. Wagonjwa waliokuwa wakihesabiwa wafu wakaishi, na mwaka 1948 wakaanza kushindana michezo. Sisi leo tunabishana juu ya mashine ya Ulaya, na mpira wa mkojo tunautumia zaidi ya siku zake kwa kuwa mwingine hatuna. Nilipotafuta mto wa kukalia wenye upepo nilizunguka maduka matatu ya dawa, na duka la mwisho waliniuliza kama nina mgeni wa harusi.

Naomba basi Wizara ieleze kama mipira ya mkojo na mito ya kukalia inaweza kugawiwa hadi zahanati za vijijini, maana hospitali inayotuhudumia iko mbali, na nauli ya mgonjwa pamoja na kiti chake cha magurudumu ni ya watu watatu.

Shamba hatukuliuza. Yule bwana wa malipo ya kutangulia hapokei simu tena. Jioni mimi humkunja mdogo wangu miguu, naye hufumba macho na kuhesabu hatua kutoka nyumbani hadi kisimani. Juzi aliniambia amefika kwenye mwembe.

Kaka wa Mgonjwa,
Muheza, Tanga.